Mama Yako Hakutuacha

Mwanangu Zuhura,

Mambo ya safari sitayaandika hapa. Tiketi unayo, begi limefungwa, na shangazi yako amekwisha kukueleza habari za baridi ya Songea mpaka umechoka kuitikia. Mimi nimekaa barazani tangu niliporudi kuswali alasiri. Wewe umekwenda Chumbageni kuwaaga jamaa, na nimeona nizitumie saa hizi kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka kumi na miwili.

Alhamisi, kwenye dua yako ya safari, mama yako aliwaambia wageni kwamba mpaka darasa la nne ulikuwa bado unakojoa kitandani. Alisema huku anacheka, sinia ya vitumbua mkononi, mbele ya maalim na mbele ya wasichana uliosoma nao. Niliuona uso wako. Kisha ukamwambia, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Wewe si ulituacha? Ungebaki hukohuko." Mama yako akaweka sinia chini, akanitazama mimi. Wewe hakukutazama. Akaingia ndani, na tangu siku hiyo hamjasemezana.

Zuhura, mama yako hakutuacha. Mimi ndiye niliyemrudisha kwao Mkwaja. Nilimpa talaka, nikamtia kwenye pikapu ya rafiki yangu, nikampeleka mwenyewe. Niliporudi ukaniuliza mama yuko wapi, nami nikakujibu, "Ametuacha." Nilikuwa nimechoka, sikutaka maswali. Neno hilo moja wewe ukalilea miaka yote hii, na mimi nikakaa kimya nikiliangalia linavyokua.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa, nawe utapima mwenyewe.

Mama yako wa kabla ya ajali huenda humkumbuki vizuri. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na sauti yake ilikuwa ndogo hata watoto wakinyamaza wenyewe ili wamsikie. Kwenye mkoba wake hakukosa sindano na uzi, kwa sababu kila siku kulikuwa na mtoto aliyekatikiwa kifungo. Sikuwahi kumsikia akigombana na mtu. Akinikasirikia mimi alikuwa anawasha pasi ya mkaa na kuzipiga upya nguo zilizokwisha kupigwa, na hapo nilijua kuna jambo, nikamfuata kumuomba radhi hata kabla sijajua kosa langu.

Ulikuwa na miaka sita alipokwenda Muheza kwenye semina ya walimu. Jioni alipanda bodaboda kuelekea stendi, na ile pikipiki ikaingia nyuma ya lori la machungwa lililosimama kando ya barabara. Dereva aliumia mguu. Mama yako aligonga paji la uso. Alikaa hospitali siku tano, akashonwa, uvimbe ukapungua, akaruhusiwa. Daktari aliyemruhusu aliniambia, "Mkiona amebadilika, mrudisheni." Nikaitikia. Mimi nilidhani kubadilika ni kutapika, au kuzimia. Sikujua kwamba mtu anaweza kubadilika akiwa amesimama wima, anakula vizuri, anakumbuka majina ya watu wote.

Miezi miwili baadaye jirani yetu alifiwa na mumewe. Tulipokwenda kuwapa pole, mama yako akacheka. Akasema, mjane akiwa mbele yake, kwamba marehemu alikuwa mchoyo na sasa mkewe atapumua. Nilimtoa pale kwa kumshika mkono. Njiani nikamuuliza, "Mama Zuhura, una nini?" Akanijibu, "Kwani nimesema uongo?"

Shuleni nako mambo yakaanza. Alimtukana mwalimu mkuu kikaoni. Siku nyingine aliwaacha watoto darasani akatoka kwenda kununua muhogo wa kuchoma, akaketi kuula kando ya barabara mpaka kengele ya mwisho. Aliandikiwa barua ya onyo, ikaja ya pili, kisha kazi ikaisha. Alipokaa nyumbani akazidi. Mara kelele, mara kicheko, mara siku tatu amelala amejifunika khanga usoni hataki kusema na mtu.

Bibi yako, mama yangu mimi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniambia, "Ajali haikumbadilisha. Ajali imemfunua. Huyu ndiye alivyo, alikuwa anakuficha." Nililiamini neno hilo kwa sababu lilinipa ruhusa ya kukasirika. Kama ndiyo tabia yake halisi, basi nimedanganywa, na aliyedanganywa ana haki. Shangazi yako yeye alisema ni jini. Basi nikafuata na hilo, nikampeleka kwa mganga, wanaume wawili wakamshika mikono huku anafukizwa. Alikohoa moshi ule wiki nzima. Kila wakati nikimsikia akikohoa nilikuwa naondoka nyumbani.

Lakini hayo siyo yaliyoleta talaka, na hapa ndipo nisipotaka kupita haraka.

Unajua kazi yangu ya kutengeneza majokofu. Wakati ule nilikuwa na mteja mkubwa Raskazone, nyumba yenye majokofu manne, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Aliniheshimu sana. Siku moja alikuja hapa kwetu kunilipa, nikamkaribisha hapa barazani ninapoandikia. Mama yako akatoka ndani na chai, akaiweka, akamwambia, "Kompresa aliyokufungia juzi ni ya zamani. Aliitoa kwenye friji bovu, akaipaka rangi. Nimemwona."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimefanya hivyo.

Yule mzee hakupiga kelele. Alikunywa chai yake nusu, akaaga, na hakuniita tena. Mimi nikaingia ndani, nikamwambia mama yako neno la talaka, mara moja, na yeye akanitazama kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Kwa hiyo, mwanangu, alipocheka msibani nilivumilia. Alipofukuzwa kazi nilivumilia. Nilimwacha kwa sababu ya neno la kweli.

Siku ya pili yake, wewe ukiwa shule, tulishika njia ya Pangani. Kwenye kivuko, watu wamesimama wanangoja pantoni ifike kutoka ng'ambo, akaniuliza, "Zuhura anajua kama nakwenda?" Nikasema anajua. Akasema, "Na hakutaka kuniaga?" Nikasema, "Ana mtihani." Alikuwa amepakata ule mkoba wake wa ualimu. Aliupakata hivyo mpaka Mkwaja. Mjomba wako Bakari alitupokea mlangoni. Alinitazama, kisha akamtazama dada yake, akasema, "Shemeji, huyu anaumwa." Nikamjibu, "Haumwi. Ndivyo alivyo." Nikageuza gari.

Miaka mitatu ikapita. Wewe ulianza kukojoa kitandani mwezi uleule aliokwenda. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nilikununulia mpira wa kutandika chini ya shuka, nikaona nimemaliza.

Kisha Mjomba Bakari akanipigia simu. Mama yako alikuwa ameanguka kifafa, mara mbili katika wiki moja, na wamemleta hospitali hapa Tanga. "Daktari anataka mtu aliyeishi naye kabla ya ajali na baada yake," akasema. "Sisi huku tunamjua wa utotoni na wa sasa. Wa katikati unamjua wewe." Nilitaka kukataa. Nilikwenda kwa sababu Bakari hakuniomba, aliniambia tu kisha akakata simu.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Aliniuliza, "Kabla ya ajali mama huyu alikuwa mtu wa namna gani, baba?" Nikaanza kusema. Nikasema habari za sauti yake, za sindano na uzi, za pasi ya mkaa. Nilisema muda mrefu, na katikati nikajisikia mwenyewe ninavyosema, kama mtu anayemsifu maiti. Mama yako alikuwa amelala kitanda cha pili kutoka pale. Akasema, "Msinisemee kama nimekufa."

Daktari akatuonyesha picha ya ndani ya kichwa chake. Mbele, juu ya macho, palikuwa na sehemu yenye weusi ambao upande wa pili haukuwapo. Akasema hilo ni kovu, na kifafa kinatoka hapo. Kisha akaeleza kwamba sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayomsaidia mtu kupima jambo kabla hajalifanya, kulizuia neno likiwa ulimini, kuusoma uso wa mwenzake akajua kwamba anamuumiza. "Ikiumia," akasema, "mtu anaweza kubaki na kumbukumbu zake na hesabu zake zote, lakini akawa mwepesi wa hasira, au akacheka pasipochekwa, au akasema lolote lililomjia. Nyumbani mnaona tabia mbaya. Hili ni jeraha."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni ugonjwa, si tabia?"

Akanijibu kwa swali. "Kwani tabia ulidhani inakaa wapi, baba? Ule upole wake wa kwanza nao ulipita humuhumu. Ulitokana na ubongo wake, na malezi yake, na dini yake, na aliyoyapitia, vyote pamoja. Hakuna chumba cha tabia na chumba kingine cha ugonjwa."

Mimi ni fundi, nikauliza swali la fundi, kama kuna kitu kinachoweza kutolewa kikawekwa kingine. Akasema hakuna. Kuna dawa za kuzuia kifafa, na kuna namna ya kuishi naye: usingizi wa kutosha, wageni wachache kwa wakati mmoja, akianza kupandisha hasira asibishiwe hapohapo. Na zile siku za kulala amejifunika khanga zina jina lake, ni sonona, nayo huwapata wengi walioumia hivyo, na ina tiba. Hakuniuliza kwa nini hatukumrudisha hospitali mapema. Aliandika tu.

Nilikwenda Mkwaja mwezi uliofuata, mama yako alipokwisha kupata nafuu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumuomba radhi na kumtaka arudi. Nilipomaliza, mama yako akasema, "Ile kompresa. Nilisema kweli au sikusema?"

"Ulisema kweli."

"Mwambie na kaka."

Nikageuka kwa Mjomba Bakari nikamweleza, kitu kwa kitu, mpaka ile rangi niliyopaka. Mama yako akasikiliza mpaka mwisho, akasema atarudi, kwa mahari mpya na ndoa mpya, lakini nisimwambie hata siku moja maneno "tulia" na "nyamaza." Bakari aliondoka chumbani. Nadhani hakutaka nimwone analia.

Basi ndivyo alivyorudi, nawe ulikuwa na miaka kumi. Unakumbuka ulivyompokea. Hukula alichopika kwa wiki mbili. Ukimtaja kwangu ulimwita "yule." Kila usiku nilijiambia kesho nitamweleza mtoto, na kila asubuhi nikaona bora nisubiri kwanza uzoee. Ulipozoea kidogo nikaona nisivuruge. Hakuna siku niliyoamua kukuficha. Nilikuwa naahirisha tu, mpaka kuahirisha kukawa ndiyo hali yetu.

Kosa langu lingine lilianza baada ya kujua habari za kovu. Nikawa kila akisema neno nisilolipenda najiambia, ni ule ubongo. Akinilalamikia kwamba nachelewa kurudi, namwitikia kwa upole, kisha nachelewa tena. Siku moja akanisimamisha mlangoni. "Baba Zuhura, kiliumia kichwa, si macho. Umechelewa. Sema umechelewa." Nikaona kwamba mwanzo nilikuwa nauita ugonjwa wake tabia, na sasa naiita haki yake ugonjwa, na kote kuwili nilikuwa nakwepa kumsikiliza. Mpaka leo sijui kila mara lipi ni la jeraha na lipi ni lake mwenyewe. Nadhani hata yeye hajui. Nimejifunza kumuuliza.

Ulipokuwa kidato cha pili uliniuliza kama na wewe utakuwa hivyo ukiwa mkubwa. Nilikukatiza, nikasema acha mambo hayo. Lilikuwa swali zuri na nilikuonea. Jibu ni kwamba jeraha la ajali halirithiwi. Lakini yapo maradhi mengine ya akili yanayopita kwenye ukoo, na yapo yanayomjia mtu bila kugongwa na kitu, na daktari aliniambia kwamba ukimpiga mtu huyo picha ya kichwa huenda usione doa lolote, naye anaumwa kwelikweli. Ikiwa huko Songea utajikuta siku moja hutaki kutoka chini ya shuka, na siku hiyo ikawa wiki, usingoje ujue kwanza kama ni uvivu au ni maradhi. Nenda kwa daktari, na unipigie simu. Sitakuambia ndivyo ulivyo.

Na mimi je? Hili ndilo ninalolifikiria nikiwa peke yangu kazini. Mimi sikugongwa na lori. Nadhani wangenipiga picha wangekuta kichwa kisafi. Na kichwa hicho kisafi ndicho kilichopaka rangi kompresa, kikamdanganya mama yako kwenye kivuko, kikamnyima mtoto mama yake kwa neno moja. Yeye aliyeumia amewaumiza watu bila kukusudia. Mimi nilikuwa na muda wa kupima kila nilichofanya, na nilipima.

Ninalo jambo moja bado, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Alhamisi wageni walipoondoka nilimfuata ndani. Nikamuuliza, "Miaka tisa tangu urudi, mbona hukumwambia mtoto kwamba ni mimi?" Mama yako, Zuhura, ambaye hawezi kulizuia neno likimjia, ambaye alimwambia maalim kwamba khutba yake ilikuwa ndefu, neno hili amelizuia miaka tisa. Akanijibu, "Alikuwa na mzazi mmoja tu anayemwamini. Nimvunjie na huyo?"

Nikamuuliza amewezaje.

"Likija naingia bafuni," akasema. "Nafungua bomba, nalisema kwenye maji."

Umemwona mara nyingi akiinuka ghafla katikati ya maneno na kujifungia bafuni, maji yakimwagika bure. Ulinilalamikia mwenyewe kwamba anamaliza maji ya tangi. Mimi nilikuambia mvumilie, ni ajali. Hata mimi sikujua. Daktari alisema ile sehemu ya kuzuia imeumia, na nimeiona picha kwa macho yangu. Sasa sijui anazuia kwa kutumia nini. Pengine daktari angeweza kunieleza. Mimi sina maelezo.

Sikuandikii ili umuombe radhi. Ulisema ulichosema kwa sababu ya uongo wangu, na mwenye kuomba radhi ni mimi, kwako na kwake. Wala sisemi aliyoyasema mbele ya wageni yalikuwa sawa. Alikuaibisha, na una haki ya kumwambia hivyo. Ukimwambia kwa maneno mafupi atakuelewa, na atakujibu. Nataka tu ukipanda basi kesho ujue unamwacha nani hapa.

Nimesita kidogo hapa, nikaenda jikoni kumsomea mama yako barua hii kabla hujarudi. Alikuwa anakuna nazi. Nimemsomea yote, hata yanayomhusu vibaya. Alinikatiza mara mbili. Kwanza alisema muhogo ule haukuwa wa kuchoma, ulikuwa wa kukaanga. Pili alisema nimejisema sana mimi, na barua ni yako.

Nilipomaliza akasema, "Sasa atakuchukia wewe."

Nikasema, "Najua."

"Mimi amenichukia miaka tisa," akasema, "na kila siku nimempikia. Inawezekana."

Barua hii sitaitia begini ukaisomee njiani, mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu. Nitakupa mkononi ukiingia tu, kisha nitakaa hapahapa barazani mpaka umalize kuisoma.

Baba yako